DAWA IKIINGIA MWILINI, INAFIKA WAPI?

Hapa kwetu Ngujini, katika Milima ya Upare, kila mkulima anajua kwamba kufungua maji na kufikisha maji ni mambo mawili. Ndiva ikifunguliwa asubuhi, maji hushuka na mfereji kuelekea mashambani. Mengine hunywewa na udongo njiani, mengine huvuja kingoni, mengine huingia katika shamba la jirani, na yaliyosalia ndiyo hufika kwenye mahindi na maharage yaliyokuwa yakiyangojea. Kwa hiyo mkulima mwenye busara haridhiki kusikia kwamba ndiva imefunguliwa. Huchukua jembe lake akashuka na mfereji, akitazama.

Mpenzi msomaji, dawa nayo ina safari ya namna hiyo. Tukimeza kidonge au tukichomwa sindano, tunasema, "Nimeshapata dawa." Lakini uvimbe uko titini, na dawa imeingilia mkononi. Kati ya mkono na titi dawa hupita kwenye moyo, ini, bandama na figo, na kila kiungo huchukua sehemu yake. Je, ni kiasi gani hufika palipo na ugonjwa? Na ile isiyofika, inakwenda kufanya nini huko ilikopotelea?

Wataalamu wamepata njia ya kushuka na mfereji huo. Huitia dawa alama ya mionzi, kisha huifuata kwa kamera iliyo nje ya mwili, bila kumpasua mtu. Tumeona vema tulieleze jambo hili kwa sababu neno "mionzi" lina hofu nyingi ndani yake. Mama akipewa barua ya kwenda kupimwa kwa dawa ya mionzi, huenda akaikunja, akaiweka chini ya godoro, akasema atakwenda baada ya mavuno. Saratani haingoji mavuno. Tukijua mionzi hiyo ni nini na inafanya kazi gani, tutakuwa na la kumwambia mama huyo, naye atakuwa na la kumwuliza daktari.

Mpangaji na kiporo cha nyama

Habari ya kufuata kitu kwa alama ya mionzi ilianza kwa namna ambayo kila mpishi atacheka akiisikia. Mnamo mwaka 1911 kijana mmoja kutoka Hungaria, George de Hevesy, alikuwa akisoma Manchester, Uingereza, naye alipanga katika nyumba ambayo mwenye nyumba aliwapikia wapangaji. Inasimuliwa kwamba alishuku nyama iliyobaki Jumapili inarudishwa mezani siku za katikati ya juma, ikiwa imegeuzwa sura. Mama mwenye nyumba alikana. Basi siku moja kijana akatia kiasi kidogo mno cha kitu chenye mionzi kwenye kiporo chake. Siku chache baadaye alileta chombo cha kupimia mezani, na chombo kikaonyesha kwamba chakula kipya kina mionzi. Kiporo kilikuwa kimerudi.

Sisi Wapare, ambao makande ya jana yakipashwa moto asubuhi huwa matamu kuliko ya jana yenyewe, tusingemlaumu sana mama yule. Lakini wazo la kijana lilikuwa kubwa. Mwaka 1923 alitumia risasi yenye mionzi kuona jinsi mmea wa maharage unavyonyonya madini kutoka mizizini hadi majanini. Mwaka 1935 yeye na mwenzake walifuata fosforasi ndani ya miili ya panya. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1943.

Siri ya njia hii ni kwamba mwili hautofautishi kitu chenye alama na kisicho na alama. Kwa mfano, tezi ya shingo hupenda sana madini joto, yale tunayotiliwa kwenye chumvi ili tusiote rovu. Ukimpa mtu madini joto yenye mionzi, tezi yake itayapokea kama kawaida, na kamera itaonyesha yamekaa wapi.

Ng'ombe wa maabara

Alama inayotumika zaidi duniani katika vipimo vya namna hii inaitwa teknesiamu. Inatoa mionzi ya gama, ambayo hupita mwilini na kutoka nje hadi kwenye kamera. Sifa yake nzuri ni kwamba haidumu. Kila baada ya saa 6 nguvu yake hupungua kwa nusu. Tuseme saa 12 asubuhi umetiliwa vipimo 16. Saa 6 mchana vitabaki 8, saa 12 jioni vitabaki 4, saa 6 usiku 2, na kesho yake saa 12 asubuhi kitabaki kimoja tu. Zaidi ya hayo, sehemu nyingine hutoka kwa mkojo.

Msomaji atauliza: kitu kinachoyeyuka upesi hivyo kinafikaje hospitalini kutoka kiwandani? Jibu linawahusu wafugaji. Hospitali hainunui teknesiamu yenyewe. Hununua mama yake, anayeitwa molibdenamu, ambaye nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya saa 66. Molibdenamu hufungwa ndani ya chombo chenye ukuta mzito wa risasi, na humo ndani inazaa teknesiamu mchana na usiku. Kila asubuhi mtaalamu hupitisha maji ya chumvi ndani ya chombo, nayo hutoka na teknesiamu iliyokusanyika. Wataalamu wa nchi nyingi hukiita chombo hicho "ng'ombe", na kazi hiyo "kukamua". Kama ng'ombe wetu wa ndani, huyu naye hukamuliwa kila siku, na baada ya wiki moja hivi maziwa yake hupungua hata inabidi aletwe mwingine. Chombo hicho kilibuniwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950 na Walter Tucker pamoja na mwanamke mtaalamu, Margaret Greene.

Tanuri za atomu zinazotengeneza molibdenamu kwa wingi ni chache duniani, na mojawapo iko Afrika, huko Pelindaba karibu na Pretoria, Afrika Kusini. Tanuri chache zikisimama kwa pamoja, au ndege zisiporuka, wagonjwa huahirishiwa vipimo. Hivyo ndivyo ilivyokuwa tanuri ya Kanada iliposimama mwaka 2009.

Vibeba dawa visivyoonekana

Sasa tuje kwenye dawa zenyewe. Dawa nyingi za saratani ni kali. Huua seli za saratani, lakini pia hudhuru nywele, utumbo, damu na hata moyo. Ndiyo maana wataalamu waliwaza: tungeweza kuifunga dawa ndani ya kifurushi, kipite kimya kwenye damu, kifunguke palipo na uvimbe?

Vifurushi hivyo huitwa chembe za nano. Nanomita ni sehemu moja ya mita iliyogawanywa mara bilioni moja. Unywele wa kichwani una upana wa nanomita 80,000 hivi, na kifurushi cha dawa huwa na nanomita kama 100. Ni kusema kwamba vifurushi 800 vikipangwa mstari vitajaa upana wa unywele mmoja. Neno nano si geni kaskazini mwa nchi yetu. Mwaka 2015 Dk. Askwar Hilonga, mzaliwa wa Karatu na mwalimu katika Taasisi ya Nelson Mandela huko Arusha, alipata Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi kwa chujio la maji linalotumia mchanga na vitu vya kipimo hicho.

Kifurushi cha dawa cha kwanza kupata sifa kilitengenezwa kwa mafuta. Mafuta ya aina fulani yakichanganywa na maji hujikunja yenyewe na kuwa vipovu vidogo, na ndani ya kipovu dawa hukaa. Vipovu hivyo huitwa liposomu. Mwaka 1995 Marekani iliidhinisha liposomu zilizobeba doksorubisini, ile dripu nyekundu ambayo wagonjwa wengi wa saratani wanaifahamu. Ugonjwa wa kwanza kutibiwa nazo ulikuwa saratani ya Kaposi kwa watu wenye UKIMWI, ugonjwa ambao Afrika Mashariki tunaujua kwa machozi. Dawa ikiwa ndani ya kipovu, moyo hupata madhara kidogo zaidi.

Wengi wetu tumeshabeba chembe hizi bila kujua. Chanjo za UVIKO-19 za Pfizer na Moderna zilifungwa ndani ya vipovu vya mafuta vya kipimo hicho hicho.

Kengele shingoni mwa mbuzi

Je, tutajuaje kwamba kifurushi kimefika? Hapa ndipo alama ya mionzi inapoingia. Kifurushi hutiwa alama kama mbuzi anavyovishwa kengele. Mchungaji haoni mbuzi aliyeingia kichakani, lakini anasikia kengele.

Kila mchungaji anajua hatari ya njia hiyo. Kengele ikikatika na kuangukia kichakani, utaifuata kengele na mbuzi atakuwa kwingine. Watafiti wana shida hiyo hiyo. Alama isipofungwa barabara, inaweza kuachana na kifurushi ndani ya damu, na picha ikaonyesha safari ya alama peke yake. Kwa hiyo wengine huinata alama kwenye ngozi ya kifurushi, wengine huifungia ndani pamoja na dawa, na wengine huichanganya na kitu kinachotengenezea kifurushi chenyewe. Kisha hupima damu na mkojo kuhakikisha kwamba kengele bado iko shingoni.

Jambo la pili ni urefu wa safari. Teknesiamu inafaa kwa safari ya saa chache. Lakini liposomu nyingine huzunguka kwenye damu siku mbili tatu, na alama yake ingezimika kabla hazijafika. Kwa hizo hutumika alama zinazodumu zaidi. Indiamu hupungua kwa nusu kwa siku 3 hivi, na shaba yenye mionzi kwa muda wa karibu saa 13. Tena alama haipaswi kudumu kupita haja, kwa kuwa mgonjwa hana sababu ya kukaa na mionzi baada ya picha kupatikana.

Walichokiona

Mwaka 2001 madaktari wa London walitoa taarifa ya wagonjwa 17 wa saratani waliopewa liposomu zenye alama ya indiamu. Kwa siku kadhaa kamera iliwafuata. Kati ya wagonjwa 17, uvimbe ulionekana kwa 15. Liposomu zilikuwa zimefika kweli! Ila hazikufika kwa kiasi kimoja. Saratani za kichwa na shingo zilipokea nyingi, za mapafu zilipokea kiasi, na za matiti zilipokea kidogo zaidi.

Mwaka 2016 watafiti wa Toronto, Kanada, walikusanya matokeo ya miaka kumi ya majaribio, mengi yakiwa ya panya. Wakakuta kwamba, kwa hesabu ya katikati, kati ya chembe 1,000 zilizochomwa mwilini, 7 tu ndizo zilizofika kwenye uvimbe. Nyingi zilizobaki zilikamatwa na ini na bandama. Viungo hivyo vina seli zenye kazi ya kufagia damu, na kwa seli hizo kifurushi cha dawa ni taka kama taka nyingine.

Lakini habari iliyotugusa zaidi ni ya mwaka 2017, nayo inawahusu wanawake. Wagonjwa 19 wa saratani ya matiti iliyokwisha kusambaa walipewa liposomu zenye alama ya shaba, wakapigwa picha katika siku ya kwanza na ya pili. Dawa ilikuwa moja, na njia ya kuichoma ilikuwa moja. Hata hivyo, uvimbe uliopokea kingi ulipata kiasi cha mara 35 ya kile cha uvimbe uliopokea kidogo kuliko wote. Na wale ambao uvimbe wao ulipokea kiasi kikubwa ndio walioelekea kuendelea vizuri zaidi. Dawa ile haikuingia sokoni, kwa kuwa jaribio kubwa zaidi lilisimamishwa mwaka 2016 baada ya kuonekana kwamba haishindi tiba ya kawaida. Lakini picha zake zimetuachia somo.

Somo ni hili. Mara nyingi mama asipopona kwa dawa iliyomponya jirani, maneno huanza. Watu husema hakumeza vizuri, hakuamini, au amefanyiwa kitu. Picha zile zinaonyesha sababu nyingine kabisa. Yawezekana dawa haikumfikia. Mishipa ya damu ya uvimbe wake ilikuwa imebana, au ini lake lilifagia upesi. Hakuna dhambi katika hilo, wala uzembe. Siku moja, kama kazi hii itaendelea, daktari ataweza kutanguliza kiasi kidogo cha chembe zenye alama, atazame zinafika wapi, ndipo aamue kama mama huyu apewe dawa ile au nyingine, badala ya kumwacha ateseke miezi kadhaa kwa dripu isiyofika.

Hasara iliyogeuka faida

Tumesema ini na bandama hukamata vifurushi vingi, na kwa mgonjwa wa saratani ya titi hiyo ni hasara. Lakini upo ugonjwa uitwao kala-azar, unaoenezwa na usubi wa mchangani katika sehemu kame za Kenya, kama Baringo na Turkana, na katika Uganda, Ethiopia, Sudan na Sudan Kusini. Vijidudu vyake hujificha ndani ya zile zile seli za kufagia za ini na bandama. Basi dawa iitwayo amfoterisini ikifungwa ndani ya liposomu, mwili wenyewe huipeleka mlangoni kwa adui.

Dawa hiyo hiyo ndani ya liposomu imesaidia pia wenye homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kuvu, inayowapata watu wenye UKIMWI. Jaribio lililofanyika Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Zimbabwe na Uganda, katika miji ya Kampala na Mbarara, lilitolewa taarifa mwaka 2022. Lilionyesha kwamba dozi moja kubwa ya liposomu, pamoja na vidonge, haikuwa duni kwa tiba ya zamani ya dripu za siku nyingi, na madhara yake yalikuwa machache. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Kwa mama anayemwuguza mumewe au mwanawe wodini huku nyumbani ng'ombe hajakatiwa majani, dripu moja badala ya nyingi ni rehema.

Kwapa la mama na tezi ya kwanza

Iko chembe ya nano yenye mionzi ambayo imeshatoka katika utafiti na kuingia katika kazi ya kila siku ya hospitali nyingi duniani. Haibebi dawa. Inabeba habari tu.

Saratani ya titi inapoanza kutembea, mara nyingi hupitia kwenye tezi za kwapani. Zamani madaktari waliziondoa zote au karibu zote, kwa tahadhari. Wengi wa wanawake hao waliishi, lakini baadhi yao walibaki na mkono unaovimba na kuuma, mkono usioweza tena kushika jembe siku nzima wala kutwanga. Mwaka 1993 Dk. David Krag wa Marekani na wenzake walitoa taarifa ya njia nyingine. Chembe ndogo zenye teknesiamu huchomwa karibu na uvimbe, nazo hufuata njia ile ile ambayo saratani ingeifuata. Tezi ya kwanza kuzipokea ndiyo ingekuwa ya kwanza kupokea saratani. Daktari huitafuta kwa chombo kinacholia, huitoa na kuipima. Ikiwa safi, nyingine huachwa mahali pake, na mkono wa mama husalimika.

Na sisi je?

Tusiwadanganye wasomaji wetu. Kufuata vifurushi vya dawa kwa mionzi bado ni kazi ya watafiti. Ukienda hospitalini leo hutaandikiwa kipimo hicho. Lakini ndugu zake wa karibu wapo. Katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ambayo hospitali yake ilijengwa na Wajerumani na kufunguliwa mwaka 1897, wagonjwa hupigwa picha za mifupa na za viungo vingine kwa teknesiamu, na wenye magonjwa ya tezi ya shingo hutibiwa kwa madini joto yenye mionzi. Nairobi zipo mashine za PET, zinazopiga picha za kina zaidi. Matumizi ya mionzi nchini husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania. Kutoka Ngujini, safari huanza kwenye zahanati yetu, kisha hospitali ya wilaya, kisha KCMC Moshi au mbali zaidi. Ni safari ndefu na ya gharama. Kwa hiyo uliza mapema kuhusu ratiba, malipo na mahali pa kulala, na usiende peke yako.

Maswali ya akina mama

Je, kipimo hiki kitanifanya ning'oke nywele au niwe tasa? Hapana. Mionzi ya kupimia ni kidogo sana ikilinganishwa na ile ya kutibu saratani. Picha ya mifupa kwa teknesiamu huupa mwili mionzi inayokaribia ile ambayo binadamu wa kawaida huipata kwa miaka miwili hivi kutoka kwenye ardhi, miamba, hewa na anga.

Nikiwa mjamzito je? Mwambie daktari kabla ya sindano, hata kama unashuku tu. Usione haya. Madini joto yenye mionzi hayapewi mjamzito kabisa, kwa sababu yanaweza kuharibu tezi ya mtoto tumboni. Aliyetibiwa kwa hayo hushauriwa asishike mimba kwa muda wa miezi 6 au zaidi.

Ninanyonyesha. Nifanye nini? Sema mapema. Kwa vipimo vingi vya teknesiamu, kunyonyesha husimamishwa kwa saa chache tu au hakusimamishwi. Unaweza kukamua maziwa siku ya kuamkia kipimo na kuyahifadhi. Kwa madini joto yenye mionzi ni tofauti. Mtoto huyo itabidi aachishwe ziwa kabla ya dawa, wala asirudishwe.

Nikirudi nyumbani, nitawadhuru watoto? Baada ya picha ya teknesiamu, kunywa maji mengi, kojoa mara kwa mara, nawa mikono vizuri, na siku hiyo usimpakate mtoto kwa muda mrefu. Kesho yake endelea na kazi zako. Aliyetibiwa kwa madini joto yenye mionzi hupewa masharti ya siku kadhaa, kama kulala peke yake, kujitenga na watoto na wajawazito, na kutumia vyombo vyake. Mama mkwe na mawifi waelezwe kwamba masharti hayo yana mwisho, wala mama huyo hana ugonjwa wa kuambukiza. Na baba watoto ashike mwiko kwa siku hizo, haitampunguzia heshima.

Imani na kipimo

Wapo wanaodhani kwamba mwenye imani hahitaji kamera. Tumkumbuke yule mwanamke wa Injili ya Marko, sura ya 5, aliyetokwa damu miaka 12. Alikuwa amekwenda kwa waganga wengi na kumaliza mali yake yote. Bwana hakumkemea kwa kwenda kwa waganga. Alimwita binti. Na Luka, ambaye Paulo anamtaja kwa upendo kama tabibu, ndiye aliyetuandikia Injili ya tatu. Akili ya kuvisha chembe kengele, na subira ya kuifuata siku tatu ndani ya mwili wa mgonjwa, ni vipawa pia, na vipawa hutolewa ili vitumike.

Akina mama wapendwa, katika vikundi vyetu vya maombi huwa tunauliza, "Nani anaumwa?" Tuongeze swali lingine: "Nani ana barua ya hospitali ambayo hajaipeleka?" Kama yupo, tuketi naye, tumsomee barua hiyo, tumchangie nauli, na tuchague mmoja wa kumsindikiza. Wengine tubaki na watoto wake na ng'ombe wake hadi atakaporudi.